Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Kiswahili cha mahakama: "ameachiwa huru" ni kusema nini?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia istilahi na tafsiri za sheria kwa Kiswahili,

YAH: TAFSIRI YA NENO LA KUMTOA MTU HATIANI

Salaam, pamoja na heshima zetu kwa kazi kubwa mliyokabidhiwa.

Barua hii ingeweza kubaki ndani ya bahasha. Tulianza kwa njia inayostahili: tuliwasilisha kwa maandishi maoni yetu juu ya rasimu yenu ya istilahi za sheria, tukaambatanisha jedwali la maneno, muda ulipopita tukaandika kumbusho. Tulijibiwa kwamba maoni yamepokelewa. Rasimu iliyofuata ilitoka na neno lile lile, mahali pale pale, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, neno mnaloliweka katika safu ya tafsiri si pendekezo tena. Hakimu atalisoma, karani atalipiga chapa, askari wa gereza atalitazama kabla ya kufungua lango. Katika rasimu yenu, mambo matano yasiyofanana yamepewa jina moja, "kuachiwa huru": mshtakiwa aliyesikilizwa hatia isithibitike, aliyeondolewa mashtaka na mwendesha mashtaka kabla ya kuitwa kujitetea, ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka amesema hana nia ya kuendelea naye, ambaye upelelezi umezidi muda wake bila kukamilika, na mfungwa aliyepata msamaha wa Rais. Wa kwanza ndiye pekee aliyemalizana na kesi yake, na hata yeye anaweza kukatiwa rufaa. Watatu wanaofuata wanaweza kukamatwa kabla hawajafika kituo cha daladala. Wa tano alishatiwa hatiani, msamaha umegusa adhabu.

Maneno haya yametufikia kwa Kiingereza, lakini mifupa yake ni ya Kilatini, na kila neno la Kilatini lilizaliwa kwa sababu mahakama ilikuwa imeshaumia kwa kuchanganya mambo mawili. Tukitafsiri neno bila kujua lilizuia nini, tutaumia upya. Hoja zetu ni hizi.

1. Absolvo ilikuwa kura, na kura ile ilikuwa na herufi yake

Mwamuzi wa kesi ya jinai Roma aliyeona mshtakiwa atoke alisema absolvo. Ab ni "kutoka", solvo ni "nafungua": nakufungua utoke. Kinachofunguliwa hapo ni kamba ya mashtaka. Raia wa Roma mwenye hadhi kwa kawaida alikuja mahakamani akitokea nyumbani kwake, na hata akitiwa hatiani mara nyingi alikwenda uhamishoni. Absolvo haikuhusu lango la gereza. Kiswahili chetu kinaanzia upande mwingine: "kuachiwa" ni habari ya mwili, mtu alishikwa na sasa hakushikwa. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa tatizo lote, na tunaomba muitazame kwa makini kabla ya kusoma zaidi.

Vipande vya shaba vilivyochorwa sheria ya kuwashtaki viongozi wa Kirumi waliowanyang'anya mali watu wa majimbo, sheria ya mwaka 123 KK hivi, bado vipo na vinasomeka. Vinaeleza kura yenyewe ilivyokuwa. Kila mwamuzi alipewa kibao cha mti mgumu uitwao boksi, urefu wake vidole vinne, yaani sentimeta saba na nusu hivi, kimepakwa nta. Upande mmoja kimeandikwa A, upande wa pili C. A ni absolvo, C ni condemno, "namtia hatiani". Mwamuzi alifuta herufi asiyoitaka, akaenda kwenye chungu cha kura mkono ukiwa wazi hadi juu ili watu waone hakuficha kitu, vidole vikiwa vimefunika herufi iliyobaki. Watu wote walimwona akipiga kura, na hakuna aliyeona kura gani. Mwaka 55 KK Quintus Cassius alitengeneza dinari ya fedha ambayo nyuma yake kuna hekalu la Vesta, kulia kwake kibao chenye herufi A na C, kushoto chungu. Herufi mbili tu, na kila aliyeshika sarafu ile sokoni alijua maana yake. Cicero, wakili mashuhuri wa Roma, aliiita A herufi ya wokovu na C herufi ya huzuni.

Kura zilihesabiwa. Clodius, mwanasiasa wa Roma, mwaka 61 KK alipata A 31 na C 25, akatoka. Milo, mwanasiasa mwenzake, mwaka 52 KK alipata C 38 na A 13, akaenda uhamishoni Massilia, Marseille ya leo. Kura zikilingana, mshtakiwa alitoka: shaka ilikuwa mali yake. Baada ya hesabu msimamizi wa mahakama alitamka matokeo kwa maneno ya tahadhari, non fecisse videtur, "inaonekana hakutenda". Waamuzi walioapa hawakudai kujua kilichotokea, walisema kilichoonekana kwao. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo wengi hawaioni, maana sisi tayari tunasema mtu "ameonekana hana hatia". Kitenzi ni kile kile, na tahadhari ni ile ile. Kwa nini rasimu imeliacha neno hilo nje na kuchukua la mlangoni?

Palikuwa na jibu la tatu, non liquet, "haijabainika", lililofupishwa NL. Chini ya sheria ile ya shaba, waliosema hawako tayari kuamua wakizidi theluthi, kesi haikuisha. Ilisikilizwa upya. Mwamuzi aliyekwepa kuamua zaidi ya mara mbili katika kesi moja alitozwa faini. Warumi walijua mahakama inaweza kushindwa kufikia jibu, wakakataa kabisa kuiita hali hiyo absolvo. Mshtakiwa alirudi nyumbani jioni ile, sawa, ila alirudi na kesi yake. Huyo ndiye mtu wetu wa kundi la nne, aliyeachiwa kwa sababu upelelezi haujakamilika, na kwenye rasimu yenu amepewa herufi A.

2. Kutokujua hakumtoi mtu hatiani: ignoramus

Sheria ya jinai tuliyorithi ilipita Uingereza kabla ya kufika kwetu. Huko makarani waliandika kumbukumbu za mahakama kwa Kilatini hadi Machi 1733. Kwa mshtakiwa aliyeonekana hana hatia waliandika eat inde quietus, "na aende zake ametulia, hadaiwi". Mahali pengine waliandika eat sine die, "na aende bila siku", maana yake hana tarehe nyingine ya kurudi. Yeyote aliyekaa kwenye benchi la mahakama akisubiri kesi itajwe, iahirishwe, itajwe tena, anajua uzito wa kuambiwa huna siku ya kurudi. Karani mwenye haraka aliandika juu ya jina la mshtakiwa vipande vidogo: po se kwa aliyekubali kuhukumiwa na juri, yaani kundi la raia walioapishwa kuamua kesi, kisha non cul, "hana hatia", au cul, "ana hatia", na baada ya hiyo ya pili mara nyingi sus, "anyongwe". Herufi tatu zilitosha, kwa sababu kila kifupi kilikuwa na kazi moja.

Kabla ya juri hiyo ya kusikiliza kesi palikuwa na juri kuu, wanaume kati ya 12 na 23 waliosikia ushahidi wa mashtaka peke yake, faraghani, ili kuamua kama hati ya mashtaka inastahili kwenda mbele. Wakiona inastahili, nyuma ya hati iliandikwa billa vera, "hati ya kweli". Wakiona ushahidi hautoshi iliandikwa ignoramus, "hatujui". Mtu aliyepata ignoramus aliachiwa. Umati haukuona tofauti ya huyo na aliyepata quietus. Sheria iliiona.

Angalieni mwaka 1681. Stephen College, seremala wa London, alishtakiwa kwa uhaini. Mwezi Julai juri kuu ya London iliandika ignoramus kwenye hati yake. Kwa Kiswahili cha rasimu yenu, College "aliachiwa huru". Lakini ignoramus haikuwa hukumu, kwa hiyo haikumzuia mtu yeyote kupeleka hati nyingine kwa juri nyingine. Serikali ilidai sehemu ya matendo yake ilifanyika Oxford wakati Bunge lilipokutana huko Machi, ikapeleka hati kwa juri kuu ya Oxford, ikapata billa vera. Alihukumiwa Agosti na kunyongwa Oxford tarehe 31 Agosti 1681. Angekuwa na quietus mkononi, utetezi wa kwamba ameshahukumiwa na kuonekana hana hatia ungekuwepo. Ignoramus haikumpa utetezi huo.

Tarehe 24 Novemba mwaka ule ule juri kuu ya London iliandika ignoramus kwa Earl wa Shaftesbury, kiongozi mkubwa wa upinzani. Watu waliwasha mioto barabarani kwa furaha na medali ikachongwa yenye neno Laetamur, "tunafurahi". Wakati wanafurahi mtu wao hakuwa ametolewa hatiani na mahakama yoyote. Mwaka uliofuata alikimbilia Uholanzi, akafia huko Januari 1683. Furaha ile tunaifahamu: ni ile ya vigelegele kwenye viwanja vya mahakama zetu kwa mtu ambaye hakimu hajamwambia kwamba hana hatia.

3. Kusitisha mashtaka kuna watu wake na wakati wake

Nolle prosequi ni "kutotaka kuendelea kushtaki". Anayesema si mahakama, ni mshtaki, na sheria haijawahi kuiona sawa na hukumu. Roma ilikuwa na kitu cha jamii hiyo, abolitio, kuondolewa kwa shauri. Mshtaki aliyeitelekeza kesi bila ruhusa aliadhibiwa chini ya azimio la Seneti la mwaka 61 BK. Shauri likiondolewa kwa tangazo la jumla, kwa mfano wakati wa sherehe ya taifa, mshtaki aliweza kulirudisha ndani ya siku 30. Kwa aliyehukumiwa na kuonekana hana hatia kanuni ilikuwa tofauti kabisa. Maneno ya mwanasheria wa Kirumi Ulpianus, yaliyohifadhiwa katika Digesta, mkusanyiko wa maandishi ya wanasheria wa Kirumi, kitabu cha 48, yanamtaka mkuu wa jimbo asiruhusu mtu kushtakiwa kwa makosa yale yale aliyokwisha kutolewa. Aliyeondolewa shauri hana ngao hiyo.

Tofauti hiyo imo katika sheria zetu wenyewe, na ni hapa tunapowaomba mshike kalamu. Kwa Tanzania, kwa namba za toleo la 2022 la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20:

Kifungu cha 91 kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kusitisha. Mshtakiwa anaachiwa, na kuachiwa huko hakuzuii ashtakiwe baadaye kwa mambo yale yale. Kifungu cha 98 ni cha mwendesha mashtaka kuondoa shauri, na kina matawi mawili. Akiondoa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, tawi (a), mshtakiwa anaachiwa na anaweza kurudishwa. Akiondoa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, tawi (b), lazima aonekane hana hatia, na hapo kesi imekwisha. Kifungu kimoja, herufi mbili, matokeo yanayopingana. Rasimu yenu imeweka "ataachiwa huru" kwenye matawi yote mawili, hivyo anayesoma Kiswahili peke yake hawezi kujua kwa nini kifungu kiligawanywa. Kifungu cha 225 kinahusu maahirisho: siku zikifika 60 bila vyeti vinavyotakiwa ili kuahirisha zaidi, mahakama isikilize au imwachie mshtakiwa, na kuachiwa huko ni kwa aina ya 98(a). Kifungu cha 230 ni cha kutokuwa na kesi ya kujibu na cha 235 ni cha mwisho wa shauri. Vyote viwili vinaweza kuzaa absolvo kamili. Kifungu cha 137 ndicho ngao: aliyekwisha kuonekana hana hatia asishtakiwe tena kwa kosa hilo. Hakimu anayeamua utetezi wa kifungu cha 137 akiwa na hukumu ya zamani iliyoandikwa kwa maneno ya rasimu yenu atalazimika kutafuta jalada lote la awali ili ajue neno moja lilikuwa na maana gani siku ile.

Kenya mambo yanafanana, kwa sababu sheria zetu zina ukoo mmoja. Katika sheria yao ya mwenendo wa makosa ya jinai, Sura ya 75, kifungu cha 87(a) kinaruhusu kurudishwa na 87(b) kinakataza. 210 na 215 ni za kuonekana huna hatia. 138 na Katiba ya 2010, ibara ya 50(2)(o), ni ngao. Katiba hiyo iliongeza jambo jema katika ibara ya 157: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anahitaji ruhusa ya mahakama kusitisha kesi, na akisitisha baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi, mshtakiwa lazima atangazwe hana hatia. Hapo wakati ndio unaoamua neno. Mtafsiri asiyetazama wakati hawezi kuchagua neno.

4. Msamaha

Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba katika kesi ya wosia wa kughushi, Kaizari Augusto aliwapa waamuzi vibao vitatu badala ya viwili: cha kutia hatiani, cha kutoa hatiani, na cha kuwasamehe waliotia sahihi kwa kudanganywa au kwa kukosea. Angeweza kuwaambia waliodanganywa wapewe A. Alitengeneza kibao kipya. Wakatoliki nao wanalitumia neno lenyewe kitubioni: padri anaposema ego te absolvo, Kiswahili cha Kanisa hakisemi "nakuachia huru", kinasema "nakuondolea dhambi zako", kwa kuwa anayesikia ameshakiri. Watafsiri wa ibada hiyo walilipima neno kwa kazi yake mahali pale. Msamaha wa Rais wa kila tarehe 9 Desemba au 26 Aprili ni "kusamehewa adhabu", na tungependa uitwe hivyo. Hapa hatuna zaidi la kuongeza.

5. Neno linapofika kizimbani

Tuwaonyesheni dakika moja tu. Mwendesha mashtaka anasimama, anasema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri chini ya kifungu cha 91. Hakimu anaandika mistari miwili, anasoma kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa anaachiwa. Mkalimani ana pumzi moja ya kufasiri kabla jalada linalofuata halijaitwa, anasema neno lililomo kwenye orodha yenu: "Umeachiwa huru." Mama aliyekaa nyuma ananyanyuka na vigelegele. Kwenye ngazi askari wawili wanamwita kijana kwa jina lake kamili, na ndani ya nusu saa yuko mbele ya hakimu mwingine kwa mashtaka yale yale yenye namba mpya. Familia inaamini mahakama imesema uongo, au imenunuliwa. Mahakama haikufanya lolote kati ya hayo. Ilisema jambo moja, mkalimani akalazimika kusema jingine.

Madhara hayaishii kwenye ngazi. Mwajiri aliyemsimamisha mtu kazi anadaiwa amrudishe kwa nakala ya uamuzi inayosema "ameachiwa huru", kisha mtu huyo anakamatwa tena na mwajiri anajiona ametapeliwa. Mdhamini anadhani dhamana imekwisha moja kwa moja, hafuatilii hati yake ya nyumba. Vielelezo vinarudishwa kwa mwenyewe, kesi inafunguliwa upya, simu iliyokuwa ushahidi imeshauzwa. Na aliyeshinda kesi kwa haki, kwa hukumu kamili baada ya miaka minne ya kupanda na kushuka, anatazamwa mtaani kama yule aliyeachiwa kwa kukosa upelelezi, maana gazeti limewaita wote jina moja. Huyu wa mwisho ndiye anayetuuma zaidi. Amenyang'anywa neno lake.

Majibu tunayotarajia

Mtasema wananchi wameshazoea "kuachiwa huru" na hawapendi maneno mageni. Nasi hatutaki neno geni. Tunataka neno walilozoea libaki na kazi moja.

Mtasema mwanasheria makini ataangalia namba ya kifungu. Mwanasheria ataangalia. Mshtakiwa asiye na wakili hawezi, na Kiswahili kimeletwa mahakamani kwa ajili yake.

Mtasema basi tubakize Kilatini. Waingereza walilijaribu hilo. Sheria yao ya mwaka 1730 iliyoondoa Kilatini kuanzia 1733 ilifuatwa na sheria nyingine iliyoruhusu istilahi kadhaa za Kilatini zibaki, kwa sababu Kiingereza cha siku zile hakikuwa na maneno ya kuzibeba. Kwao ilikuwa lazima. Sisi maneno tunayo, yamelala kwenye mazungumzo ya kila siku ya mahakama: kutiwa hatiani, kuonekana huna hatia, kutokuwa na kesi ya kujibu, kuondoa shauri, kusitisha mashtaka.

Kuna waliopendekeza "kutolewa hatiani" kwa sababu linapendeza likisimama mkabala na "kutiwa hatiani". Tumelitumia hapa na pale katika barua hii kwa sababu linaeleza Kilatini vizuri. Kwa hukumu hatulitaki. Anayetolewa ndani alikuwa ndani, na mshtakiwa hakuwa hatiani hata siku moja kabla ya hukumu. Kosa hilo lilikuwemo tangu kwenye absolvo yenyewe, hatuna sababu ya kulirithi.

Tunachoomba

Kwanza, "kuachiwa huru" litumike kwa absolvo peke yake, na katika amri liandikwe kwa ukamilifu: "Mshtakiwa ameonekana hana hatia kwa kosa hili na anaachiwa huru." Sehemu ya kwanza ni hukumu, ya pili ni matokeo yake. Zisitenganishwe.

Pili, vifungu vya 91, 98(a) na 225 vitumie "kuachiwa kabla ya hukumu". Tulifikiria "kuachiwa bila hukumu", tukaliacha kwa sababu mtaani "hukumu" husikika kama kifungo, na mtu ataelewa kwamba amekwepa jela. "Kabla ya" inamwambia kwamba hukumu haijatolewa na inaweza kuja. Amri ifuatwe na sentensi hii: "Kuachiwa huku hakuzuii mshtakiwa kushtakiwa tena kwa kosa hili." Kifungu cha 98(b) kitumie maneno ya ombi la kwanza.

Tatu, msamaha uitwe "kusamehewa adhabu", na kutoka rumande kwa wadhamini kuitwe "kupewa dhamana". Neno "huru" lisikaribie hata moja kati ya hayo mawili.

Nne, amri yoyote ya kumwachia mshtakiwa itaje kifungu na tawi lake, kwa sauti na kwa maandishi, na mkalimani awe na wajibu wa kuvifasiri. Kutaja "98(a)" kunachukua sekunde tatu.

Tano, kiambatisho cha istilahi kiwe na ukurasa wa maneno haya pamoja, kwa mpangilio wa maana badala ya alfabeti: absolvo, non liquet, ignoramus, nolle prosequi, abolitio na msamaha, kila moja na jibu la maswali matatu. Nani ameamua, mahakama au mshtaki? Ameamua kabla au baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea? Je, anaweza kushtakiwa tena? Mtafsiri atakayejibu hayo matatu hatakosea neno. Jedwali letu la awali limeshajibu, mnaweza kulitumia mtakavyo bila kutaja tulikotoka.

Sita, tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, hoja kwa hoja. Mkikataa, tunaomba sababu zichapishwe pamoja na rasimu, ili mkalimani atakayeulizwa na mama yule pale nyuma awe na la kumjibu.

Wenu katika kazi ya lugha na haki,

Wakalimani na watafsiri wa mahakamani